Kuwalikiza Watoto wa Paka wa Ghalani

Leo tunaziacha kidogo habari za pamba na ng'ombe, tuzungumze juu ya mnyama ambaye kila nyumba inamjua lakini Bwana Mifugo haulizwi habari zake hata siku moja. Mnyama huyo ni paka. Najua wengine mmekwisha kuanza kucheka. Ngojeni kwanza.

Tumepata barua ya mama mmoja wa Didia, kule Shinyanga, kwenye njia iendayo Tinde. Anasema hivi, kwa kifupi. Mwaka jana paka wake alizaa watoto wanne. Majirani walipowaona wakaomba, maana panya walikuwa wengi. Watoto walipotimiza mwezi mmoja, macho yamefumbuka na wanakimbiakimbia uani, mama akawagawa. Wa kwanza aliharisha, akafa siku ya tatu. Wawili wengine hawakumaliza wiki mbili. Wa nne aliishi, lakini amedumaa mpaka leo, na akikutana na panya mkubwa yeye ndiye anayekimbia. Mwaka huo huo panya walitoboa kihenge cha mtama cha mama huyu, na wakamaliza karanga za mbegu alizozihifadhi ndani ya mtungi uliofunikwa kwa kitambaa. Alipofika wakati wa kupanda, alikwenda kuomba mbegu kwa ndugu zake. Sasa paka amezaa tena, watoto watano, na wakati anaandika walikuwa na umri wa wiki mbili. Anauliza: "Niwape nini wale, na nianze lini, wasije wakafa kama wale wengine?"

Swali hili si la mchezo. Yule panya tunayemwita panya shamba hubeba mimba siku 23 tu, na kwa mzao mmoja huweza kutoa watoto 10 au 12. Ukimwona mmoja leo mwezi wa tano, wakati nafaka inaingia nyumbani, hesabu mwenyewe utakuwa na wangapi ifikapo mwezi wa nane. Na panya hali tu. Anakojoa juu ya nafaka, anaacha mavi na manyoya, na anatoboa magunia. Hata hii mifuko mipya ya plastiki inayofungwa kuzuia hewa ili dumuzi na funza wafe, panya akiitoboa tundu moja kazi yote imekwisha.

Mimi sisemi kwamba paka peke yake atamaliza panya. Wako watu wanaopenda kusema hivyo, lakini si kweli. Watafiti waliochunguza nyumba za wakulima huko Eswatini, na kuandika matokeo yao mwaka 2017, waliona kwamba panya walipungua kuzunguka nyumba zile zenye paka na mbwa kwa pamoja. Palipokuwa na paka tu, au mbwa tu, tofauti haikuonekana wazi. Panya anapowaona au kuwasikia wote wawili anaogopa kutembea, hana raha ya kula. Kwa hiyo funika kihenge vizuri, kinyanyue kutoka chini, zungushia bati miguu yake, fyeka majani karibu na nyumba, fuga mbwa, na fuga paka. Lakini awe paka aliyekua vyema. Paka aliyelikizwa vibaya ni mdomo mwingine tu wa kulisha.

Basi twende kwenye jambo lenyewe. Kulikiza maana yake ni kumwachisha mtoto ziwa, na wengi wetu tunafikiri ni jambo la siku moja: leo ananyonya, kesho hanyonyi. Kwa paka ni kazi ya mwezi mzima. Inaanza watoto wakiwa na wiki nne, inakwisha wakiwa na wiki nane. Hapo ndipo mama wa Didia alipokosea mwaka jana, na wala si yeye peke yake. Aliwagawa siku ile ile ambayo walikuwa ndio kwanza wanataka kufundishwa kula. Alidhani wamemaliza, kumbe walikuwa wanaanza.

Tazama mambo yanavyokwenda. Mtoto wa paka huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, kipofu na kiziwi. Macho hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno ya mbele huchomoza katika wiki ya tatu. Akitimiza wiki nne anasimama sawasawa, mkia juu, na uzito wake unakaribia gramu 400. Kama huamini, mwombe mwenye duka akupimie kwenye mizani yake ya sukari, mradi uweke kitambaa chini. Mtoto mwenye afya huongezeka gramu 10 au zaidi kila siku. Asiyeongezeka kwa siku mbili mfululizo ana jambo.

Kabla hujafikiria chakula cha watoto, fikiria chakula cha mama yao. Paka anayenyonyesha watoto wanne au watano huhitaji chakula mara mbili ya kawaida, au hata zaidi. Huku kwetu tuna desturi ya kumnyima paka chakula ili awe mkali kwa panya. Desturi hiyo ni ya makosa, nasema waziwazi. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, maana ndivyo alivyoumbwa. Paka mwenye njaa kali huhama kwenda kutafuta jikoni kwa watu, au huiba vifaranga vyako. Na akiwa ananyonyesha, njaa humkausha maziwa, na watoto wanaanza maisha yao nyuma ya wenzao. Mpe mabaki ya samaki, dagaa, utumbo uliochemshwa, na maji safi karibu na pale alipolala.

Sasa chakula cha kwanza cha watoto. Paka ni mla nyama. Si kama mbwa, ambaye anaweza kuishi na ugali na mchuzi akanenepa. Mwili wa paka unahitaji vitu vilivyomo ndani ya nyama na samaki ambavyo haviko katika mahindi wala mtama. Akivikosa kwa muda mrefu, moyo wake unalegea na macho yake yanapofuka. Ndiyo maana mtoto aliyelikizwa kwa uji mtupu anakuwa na tumbo kubwa na mgongo wa mifupa. Uji unajaza tumbo, haumjengi.

Huku Usukumani tunayo bahati, maana dagaa wa Mwanza wako katika kila gulio. Chukua konzi moja ya dagaa wakavu. Wachambue na uwaoshe mara mbili au tatu, kwa sababu wengi huanikwa juu ya mchanga, na mchanga huumiza matumbo machanga. Wachemshe mpaka walainike kabisa, bila chumvi, bila pilipili, na hasa bila kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya paka, hata kidogo tu kilichomo ndani ya mchuzi. Kisha waponde kwenye kinu kidogo au kwa mwiko mpaka wawe kama uji. Ongeza maji yale ya kuchemshia mpaka mchanganyiko uwe mwepesi kama uji wa mtoto. Ukitaka kuongeza ugali laini, ongeza, lakini kipimo kiwe vijiko viwili vya dagaa kwa kijiko kimoja cha ugali. Usigeuze kipimo hicho kwa sababu dagaa wamepanda bei. Afadhali upike kidogo.

Tia chakula hicho katika kitu kifupi, kama kifuniko cha kopo au kigae, kiwe na joto kama la mwili. Paka mchanga hawezi kufikia ndani ya bakuli refu, ataingia mzima mzima. Usimkamate shingo na kumtumbukiza pua katika chakula, kama wafanyavyo watoto wetu wakidhani wanamsaidia. Chakula kikiingia puani huenda mapafuni, na huyo humpati tena. Paka kidole chako chakula kidogo, umguse mdomoni. Atalamba. Kishushe kidole polepole mpaka kwenye kifuniko. Siku ya kwanza atakanyaga zaidi kuliko kula, na siku ya pili vile vile. Usikate tamaa, bado ananyonya, hatakufa na njaa. Siku ya nne au ya tano utamwona anakimbilia kifuniko mara akisikia kimewekwa chini.

Wape mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Wiki ya tano kijiko kimoja cha mezani kwa kila mtoto kwa kila mlo kinatosha. Kinachobaki baada ya nusu saa kiondoe, mpe mama yao au kuku. Chakula cha samaki kikikaa chini juani, nzi watakuwa wamekwisha fika, na kuharisha kunaanzia hapo. Wakati huo huo anza kuweka maji safi katika kifuniko kingine. Maziwa ya mama yao hayatoshi tena kuwa kinywaji, hasa katika kiangazi chetu.

Naona wengi mnataka kuuliza juu ya maziwa ya ng'ombe. Kila mtu anajua paka anapenda maziwa. Ni kweli anapenda, lakini kupenda si kufaa. Maziwa ya paka yana nguvu ya kujenga mwili mara mbili na zaidi ya yale ya ng'ombe. Tena, kadiri mtoto anavyoacha ziwa, tumbo lake linapoteza uwezo wa kuvunja ile sukari iliyomo ndani ya maziwa, na sukari hiyo isipovunjwa inaleta kuharisha. Nadhani hicho ndicho kilichomwua yule wa kwanza wa Didia: alifika nyumba mpya, akawekewa bakuli la maziwa mabichi kwa upendo, akanywa mpaka akatosheka, akaharisha, maji yakamwisha mwilini. Mtoto wa nusu kilo hana maji ya kupoteza. Ukitaka kuwapa kitu cha maziwa, kijiko kidogo cha mtindi ni salama zaidi, maana ule mchachu wake umekwisha kula sehemu ya sukari. Akianza kuharisha, acha maziwa ya ng'ombe ya kila namna, mwache anyonye kwa mama yake, na mpe maji mara kwa mara. Kuharisha kukiendelea kesho yake, au kukiwa na damu, mwone Bwana Mifugo.

Ikiwa mama yao amekufa kabla hawajaanza kula, hapo hakuna njia ila kuwanywesha wewe. Maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi yaliyochemshwa yakapoa, yakachanganywa na kiini cha yai, yanaweza kuwavusha siku chache mpaka upate ushauri. Wanyweshwe wakiwa wamelala kifudifudi, si chali kama mtoto wa mtu. Ni kazi ngumu, hata usiku unaamka.

Wiki ya sita fanya chakula kiwe kizito, dagaa wapondwe kidogo tu. Hapa unaweza kuanza vitu vingine: utumbo wa mbuzi uliochemshwa ukakatwakatwa, nyama ya kichwa cha sato au sangara iliyochambuliwa miiba yote, yai lililochemshwa. Maini ni mazuri sana, lakini kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki, maana maini ya kila siku yanaharibu mifupa. Samaki wabichi usiwape. Baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini ya mishipa ya fahamu, na moto hukiua kitu hicho. Mifupa ya kuku iliyopikwa itupe shimoni. Inapasuka kama vijiti vyenye ncha.

Katika wiki hizi utamwona mama yao anakasirika. Watoto wakija kunyonya anainuka, anawakoromea, anapanda juu ya kichanja. Watu husema amewachukia. Hapana. Meno yao yanamwuma, na yeye mwenyewe anawalikiza. Mtengenezee mahali pa juu ambapo watoto hawafiki, apumzike. Usiku atawarudia.

Na kuna jambo lingine anafanya ambalo wewe huwezi kulifanya. Kuanzia wiki ya tano hivi, mama huwaletea watoto panya aliyekufa. Baadaye humleta panya angali hai lakini amechoka, akamwachia mbele yao, akakaa pembeni kutazama. Nyumba nyingi, mama wa nyumba akiona hivyo humnyang'anya kwa kuona uchafu. Mwache! Hapo ndipo shule ilipo. Paka aliyetolewa kwa mama yake kabla ya masomo hayo huweza kucheza na panya bila kujua pa kuuma. Yule mdumavu wa Didia anayekimbia panya, huenda hakufundishwa. Mwezi mmoja zaidi karibu na mama yake ungemfaa kuliko nyama ya kununua.

Kwa sababu hiyo hiyo, katika kipindi hiki usiweke sumu ya panya nyumbani, na waombe majirani wa karibu nao wasiweke. Panya aliyekula sumu hutembea akilewalewa, na ndiye rahisi kukamatwa. Mama atamleta huyo huyo kwa watoto, na utapoteza wote kwa siku moja.

Hapa Shinyanga kuna sumu nyingine ambayo watu hawaifikirii. Watoto wa paka huwa na viroboto, na viroboto wakiwa wengi humaliza damu. Ukifunua mdomo utaona ufizi umekuwa mweupe. Basi mtu huchukua dawa ya kunyunyizia pamba, au dawa ya kuogeshea ng'ombe, akampaka paka. Msifanye hivyo hata kidogo. Nyingi katika dawa hizo ni za jamii ambayo ng'ombe na mbwa wanaivumilia, lakini paka hawezi. Atatetemeka, atatoka mate, atakufa. Tumia kitana chenye meno ya karibu, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, umkaushe mara moja asipate baridi, na choma au anika juani matambara anayolalia. Na ninyi mnaochimba dhahabu, wa Mwakitolyo na wa kule Geita, karai au bakuli lililowahi kushika zebaki lisiwe chombo cha kulishia mnyama, wala la mtu.

Minyoo nayo isisahauliwe. Watoto wa paka huipata katika maziwa ya mama yao, kwa hiyo hata aliye safi kwa macho anayo. Dawa huanza kutolewa akiwa na wiki tatu, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka amalize kulikizwa, na mama yao apewe pia. Nunua ile ya paka, upimiwe kwa uzito. Usivunje kidonge cha ng'ombe kwa kukisia.

Juu ya choo: wiki ya nne wanaanza kutafuta mahali pa kufukua. Weka sanduku lenye mchanga au majivu yaliyopoa, mbali na chakula chao na mbali kabisa na mahali mnapoanika nafaka. Mama mwenye mimba asilizoe sanduku hilo, mwingine alifanye, maana mavi ya paka huweza kuleta ugonjwa unaomdhuru mtoto aliye tumboni. Kila anayelizoa anawe mikono kwa sabuni.

Wakitimiza wiki nane, uzito wao uwe karibu gramu 800, wanakula wenyewe mara tatu au nne kwa siku, na kunyonya kumekuwa mazoea tu. Sasa wanaweza kwenda kwa majirani. Ukiwaacha hadi wiki kumi ni bora zaidi, hasa kama mama yao ni mwindaji hodari. Jirani aje na kikapu chenye kifuniko, umpe na kipande cha tambara la pale walipolala, chenye harufu ya kwao. Mwambie pia chakula ulichokuwa ukiwapa, aendelee nacho kile kile kwa wiki moja kabla ya kukibadili. Amfungie katika chumba chenye kihenge siku saba hivi, amlishe humo humo. Akimwachia siku ya kwanza atapotea akitafuta kwao. Na akitimiza miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, kwa sababu paka naye huugua kichaa, na huuma watoto. Wakati wa kampeni za chanjo watu huleta mbwa tu. Lete na paka ndani ya kikapu.

Wako watakaosema hawataki paka mweusi, kwa maneno wanayoyajua wao. Sitabishana nao hewani. Ninachojua ni kwamba panya haulizi rangi.

Jambo la mwisho ni majira. Jike huzaa mara mbili au tatu kwa mwaka, mimba siku 63 hadi 65, na anaweza kushika mimba nyingine huku bado ananyonyesha. Huwezi kumpangia yote. Lakini watoto waliozaliwa mwezi wa tatu ndio wenye faida kubwa kwetu: wanamaliza kulikizwa mwezi wa tano, na mtama na mahindi yakishaingia vihengeni, mwezi wa saba wameanza kukamata panya wadogo. Hao uwatunze kuliko wengine. Na ukiona paka wamekuwa wengi kuliko dagaa, mwulize Bwana Mifugo habari ya kuwafunga uzazi. Usiwatupe porini. Huko watakula ndege na vifaranga vya watu.

Mama wa Didia, barua yako imechukua wiki mbili kutufikia. Kwa hesabu hiyo watoto wako wametimiza wiki nne sasa hivi. Loweka dagaa usiku huu, anza kesho asubuhi na kifuniko cha kopo. Na wale majirani wanaokuja kuchungulia, waambie warudi baada ya wiki nne, tena waje na kikapu.

Kwaherini, ndugu wakulima.